Funzo la Hadithi na Mipaka ya Lugha: Uhakiki wa Matumizi ya Ngano katika Kuwafundisha Kiingereza Watoto wa Uholanzi

Sehemu hii inahakiki hoja inayotumika kutetea ufundishaji wa Kiingereza kwa watoto wa Uholanzi kupitia ngano, yaani kwamba ngano humpa mtoto lugha na maadili kwa wakati mmoja. Mtafiti anakubaliana na nusu ya kwanza ya hoja hii. Nusu ya pili, kwa maoni yake, inadai kuliko inavyoweza kutoa.

Nchini Uholanzi, Kiingereza ni somo la lazima katika madarasa mawili ya mwisho ya shule ya msingi tangu mwaka 1986, na shule nyingi hulianza mapema zaidi. Katika mazingira hayo ngano ina faida za wazi. Watoto wengi huzifahamu hadithi zenyewe kwa Kiholanzi kabla ya kuzisikia kwa Kiingereza. Baadhi yao wamewaona hata wahusika wake katika msitu wa ngano wa bustani ya Efteling, uliofunguliwa Kaatsheuvel mwaka 1952. Krashen alishikilia kuwa lugha hupatikana pale mwanafunzi anapopokea ujumbe anaouelewa. Ngano inayojulikana hutimiza sharti hilo kwa sababu kisa humbeba mtoto pale msamiati unapomwangusha. Ukaribu wa lugha hizi mbili huongeza msaada huo, kwani maneno kama *wolf*, *bed* na *warm* huandikwa vilevile katika lugha zote mbili. Aidha, takriri ya hadithi ya dubu watatu, yenye bakuli tatu, viti vitatu na vitanda vitatu, humrudishia mtoto muundo uleule wa sentensi bila kumchosha.

Hata hivyo, kumweleza mbwa mwitu ni jambo moja, na kumhukumu ni jambo jingine. Mtoto wa miaka kumi anaweza kusema kwa Kiingereza kuwa mbwa mwitu ni mkubwa na ana njaa. Hawezi kwa urahisi kusema kuwa msichana alidanganywa, na kwamba aliyedanganya ana lawama kuliko aliyeamini. Hukumu ya namna hiyo inahitaji vishazi tegemezi, masharti na ulinganishi wa sababu, mambo ambayo bado hajayamudu katika lugha hiyo. Kwa hiyo mwalimu humpa funzo likiwa tayari limeundwa kwa sentensi fupi ya katazo, naye mtoto hulikariri. Zoezi hilo humfundisha umbo la katazo. Halionyeshi kuwa amefikiri juu ya jema na baya.

Tatizo la pili ni kwamba funzo linalokaririwa si mali ya hadithi yenyewe. Katika toleo la Perrault la mwaka 1697, msichana wa kofia nyekundu, ambaye Waholanzi humwita Roodkapje, haonywi na mtu yeyote kabla ya safari. Analiwa, na hadithi inaishia hapo, ikifuatiwa na beti za maadili zinazowatahadharisha wasichana dhidi ya mbwa mwitu wenye maneno matamu. Katika toleo la ndugu Grimm la mwaka 1812, mama anamwagiza asiiache njia. Anaiacha, anamezwa, kisha anaokolewa na mwindaji. Toleo la kwanza haliwezi kufundisha utiifu kwa mzazi, kwa kuwa hakuna agizo lililovunjwa. Vivyo hivyo, aliyeingia katika nyumba ya dubu katika hadithi aliyoichapisha Southey mwaka 1837 alikuwa bibi kizee; baadaye waandishi wengine walimgeuza kuwa msichana mdogo, na kosa la mtu mzima likawa utundu wa mtoto. Anayechagua toleo amekwisha kuchagua funzo.

Uchaguzi huo una uzito. Onyo la kutozungumza na mgeni linapotolewa katika somo la lugha ya kigeni, linapingana na lengo la somo lenyewe, kwa kuwa lugha hiyo hufundishwa ili mtoto aweze kuzungumza na wageni. Katika miji kama Amsterdam na Rotterdam, darasa moja huweza kuwa na watoto wanaozungumza Kituruki, Kiarabu au Kiberiberi nyumbani. Baadhi yao huenda hawakusimuliwa Roodkapje nyumbani, nao pia huenda wakajiuliza mgeni anayezungumziwa ni nani.

Huenda ikadaiwa, kwa kumfuata Bettelheim katika kitabu chake cha mwaka 1976, kuwa dawa ni kutomfafanulia mtoto maana ya ngano. Mtafiti hakubaliani na msimamo huo moja kwa moja. Kama Zipes alivyoonyesha, ngano zimetumika kuwaadilisha watoto kwa kufuata matakwa ya jamii na nyakati zake. Kunyamaza hakuyaondoi matakwa hayo, bali huyaacha bila kuulizwa. Njia iliyo bora ni kutenganisha kazi mbili zilizochanganywa. Mjadala wa maadili ufanyike kwa Kiholanzi, lugha ya shule, ndani ya elimu ya uraia ambayo shule zinawajibika kuitoa tangu mwaka 2006. Kiingereza kibaki na maswali ambayo mtoto anaweza kuyajibu mwenyewe kutokana na miisho miwili iliyosomwa sambamba: nani alisema uongo, nani alisaidia, na ni mwisho upi anaoupenda. Njia hii ina gharama, kwani inahitaji muda wa vipindi viwili. Lakini majibu, hata yakiwa ya maneno matatu, yatakuwa ya mtoto.

Hoja hii inatuhusu pia sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, ambao mara nyingi tumeifikia hadithi ya watoto tukiwa na swali moja mkononi: inafundisha nini? Uchunguzi wa ngano za Uholanzi unadokeza kuwa swali hilo litanguliwe na mengine mawili: ni toleo la nani, na je, mtoto anayo lugha ya kulikataa funzo lake?