Wembe Hauna Upande

Kinyozi hajinyoi, ndivyo tulivyozoea kusikia. Lakini yupo mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga, ambaye hujinyoa mwenyewe kila baada ya siku moja, saa kumi na mbili unusu asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajavuka kizingiti. Anatumia wembe wa kukunja, ule mrefu wa kizamani, na anaushika kwa mkono wa kushoto. Nami ni mtu wa shoto. Nilikuwa nimeshajikata mara tatu kwa wembe wa aina hiyo, nikifuata maelekezo ya watu wa kulia, ndipo rafiki akaniambia niache kujichinja, niende nikamwone.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo za shavuni umejipa mwenyewe?"

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akifagia, kisha akasema, "Mtoto akililia wembe," akaiacha methali hapo hapo. Akanionyesha pa kusimama: nyuma yake kidogo, upande wa kushoto, wote tukitazama kioo kimoja. Nilipojaribu kuzunguka mbele ili nione vizuri, alinishika bega akanirudisha. Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza.

Aliuweka wembe juu ya taulo, ukiwa wazi. Mgongo wake una unene wa milimita tano hivi. Kuanzia hapo chuma kinabonyea pande zote mbili, kinazidi kuwa chembamba mpaka kwenye makali, ambako ukiukinga na mwanga wa mlangoni huoni kitu. "Makali yanayong'aa yamekufa," alisema. Mwanga ukipata pa kutua, basi pana ubapa, na penye ubapa hapakati. Nyuma ya makali kuna shina, na nyuma ya shina kuna mkia mfupi uliopinda juu. Shina limepigwa muhuri wa Solingen, mji wa Ujerumani ambao jina lake lililindwa kisheria tangu mwaka 1938, lisije likagongwa kwenye visu, mikasi na nyembe za kwingine. Mpini ni vipande viwili vya pembe nyeusi, na wembe ukifungwa makali hulala katikati yake.

Akaugeuza upande wa pili, akaugeuza tena. "Umeona tofauti?" Ukiondoa muhuri, hakuna. Mkasi, aliniambia, ndio uliomtesa. Mkasi wa kawaida umepangwa kwa mkono wa kulia: kidole gumba kikifunga, kinayabana mabapa mawili yakasuguana. Uhamishie kushoto, na kidole kilekile kinayasukuma yaachane, nywele zinajikunja katikati badala ya kukatika. Hata wembe wa Kijapani, kamisori, una upande wake, kwa kuwa ubavu mmoja haukuchongwa sawa na wa pili, na mtu wa shoto hutengenezewa wa kwake. Huu wa kukunja hauna ugomvi na mtu. Ugomvi uko kwa wanaofundisha, na labda kwenye lugha yenyewe: mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na huu wetu wazee waliuita wa kike.

Jiwe la kunolea sikulikuta likitumika, maana hulitoa mara tatu au nne tu kwa mwaka. Alinieleza kwa ufupi kwamba mgongo na makali hulala vyote juu ya jiwe lenye maji, kwa hiyo mwinamo uliwekwa tangu kiwandani. Mnoaji hana cha kukadiria. Kazi yake ni kutoinua mkono.

Kazi ya kila siku ni mkanda. Umetundikwa kwenye ndoano kando ya dirisha, tabaka mbili, moja turubai na nyingine ngozi ya ng'ombe iliyogeuka nyeusi kwa miaka. Aliishika ncha ya chini kwa mkono wa kulia, akauvuta mpaka ukanyooka bila kulia. Mkanda ukilegea unafanya tumbo, na makali hufuata tumbo hilo yakawa butu. Akaulaza wembe, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, akaenda nao mpaka juu. Kule mwisho hakuunyanyua. Alilizungusha shina kati ya kidole gumba na cha shahada, wembe ukajigeuza juu ya mgongo wake, makali yakapita hewani, akarudi. Mara thelathini kwenye turubai, sitini kwenye ngozi. Nilihesabu. Ya kwanza na ya sitini zilikuwa na sauti moja, kama ya mtu anayepangusa meza kwa kanga kavu.

Kuna jambo ambalo macho yangu yalilikosa mpaka aliporudia polepole. Mkanda ni mwembamba kuliko urefu wa wembe, kwa hiyo wembe hauendi moja kwa moja. Unakwenda kwa mshazari kidogo, ili makali yote, kutoka kisigino hadi ncha, yapate kupita kwenye ngozi. Mshazari wa mtu wa kulia unaelekea huku, wetu unaelekea kule. Nyumbani nilikuwa nauiga wa kwenye picha kama ulivyo, na nusu ya wembe wangu haikuwahi kugusa mkanda. Zile alama tatu za shavuni zilitokana na nusu hiyo. Wembe butu unakwama, ukikwama unausukuma, ukiusukuma umekwisha.

Akanipa. Nilikwenda vizuri mara nne. Ya tano nilianza kugeuza kabla mkono haujasimama, makali yakang'ata ngozi. Mchano wenyewe ulikuwa na urefu wa punje ya mchele, lakini nilijiona nimevunja chombo cha watu. Mzee hakusema neno. Akachukua kipande cha msasa laini, akausugua ukingo ulioinuka mpaka kidole kikapita bila kukwama, kisha akaunyanyua mkanda kunionyesha michano miwili ya zamani karibu na ndoano. Ya kwake. Mkanda aliachiwa na fundi wake, na aliuchana akiwa bado anajifunza.

Maji ya moto yalitoka kwenye chupa ya chai. Taulo likakaa usoni dakika mbili, maana unywele ulioloa hulainika na wembe haupambani nao. Brashi yake ni ya manyoya ya farasi. Za nguruwe ni rahisi, lakini hazipiti mlango ule. Aliikung'uta maji, akaizungusha kwenye kikombe cha bati chenye sabuni, na kwa muda mrefu hakikutokea chochote zaidi ya mapovu makubwa ya kufulia. Aliongeza matone mawili matatu, akazungusha, akaongeza tena, mpaka povu likawa zito, linasimama kama ute wa yai uliopigwa, halina tundu. Mimi ningeridhika zamani.

Kisha akaushika wembe. Vidole vitatu juu ya shina, kidole gumba chini yake, kidole cha mwisho kwenye mkia, mpini umesimama wazi juu ya vidole. Mkono wa kulia ukapita juu ya kichwa chake mwenyewe, ukaivuta ngozi ya mbele ya sikio la kushoto. Hakuivuta sana, aliondoa mikunjo tu. Ndevu zetu za kipilipili ukizinyoa huku ngozi imevutwa mno, unywele unakatwa chini ya usawa wa ngozi, kisha unapoota unajikunja na kurudi ndani, na hapo ndipo vipele vinapoanzia. Kwa sababu hiyohiyo hanyoi kwenda juu. Anafuata ndevu zinakolala, mara moja, na kinachobaki anakiacha kibaki.

Wembe ukagusa shavu ukiwa umelala, halafu mgongo ukainuka kiasi cha unene wake wenyewe au zaidi kidogo, basi. Hatua fupi, upana wa vidole viwili, anafuta kwenye kitambaa, hatua nyingine. Haukandamizwi, uzito wake unatosha. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayekwangua ukoko wa wali kwenye nyumba ya tatu.

Shavu la kushoto ni letu, mkono unashuka wenyewe. La kulia ndilo lililonileta Ngamiani. Hapo mkono wa kushoto unavuka uso, kiganja kinaziba kioo, na mwinamo unapotea. Wengi hubadili mkono, kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto, wala si kosa. Mzee habadili. Aligeuza uso badala ya mkono: kidevu kikaelekea begani kushoto, shavu la kulia likaja mbele, kiwiko kikapanda mpaka usawa wa jicho, na wembe ukafika palepale ukiwa na mwinamo uleule.

Ilikuwa hapo, akifuta povu kwenye kitambaa, alipoieleza ile habari ya kunivuta bega. Fundi wake alikuwa mtu wa kulia. Wiki za mwanzo kijana alisimamishwa ubavuni mwa fundi, na kila alichokiona kilimjia kinyume. Siku moja fundi akamhamisha, akamweka ng'ambo ya kiti, uso kwa uso, mteja katikati. Kutoka hapo mkono wa kulia wa fundi ulikuwa upande mmoja na mkono wa kushoto wa mwanafunzi. Akaacha kufikiri, akaanza kuiga. Mimi ningesimama mbele yake, wa shoto akitazamana na wa shoto, ningekuwa nimejirudishia tabu aliyoivuka yeye. Nyuma yake hapakuwa na cha kupindua. Nikatazama kiooni: tulikuwa wawili, na wote tunatumia mkono wa kulia.

Zamu yangu ilichukua karibu nusu saa. Shavu la kushoto lilikwenda. Kwenye la kulia kiganja kikaziba kioo kama kawaida, nikaanza kuchungulia chini ya kwapa langu mwenyewe.

"Usitafute kuona," akasema. "Sikiliza."

Wembe ulioinuka mno unakwaruza. Uliolala mno unateleza kimya na ndevu zinabaki. Katikati kuna ile sauti ya ukoko. Niliipata, nikaipoteza kwenye pindo la taya, nikaipata tena. Kidevuni nilijitoboa kidogo; akanisukumia kipande cha shabu nikipake, kikawasha, damu ikakatika. Alipitisha mgongo wa vidole vyake kwenye taya langu kutoka sikio hadi sikio, akasimama mahali pamoja chini ya sikio la kulia. "Hapa umeruka." Nikaloweka tena brashi.

Wembe ukasuuzwa, ukapanguswa, ukapitishwa mara chache kwenye turubai ukauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani likapakwa kwa pamba. Bahari iko karibu, na hewa ya chumvi hula makali usiku mmoja. Akauweka kwenye kijisanduku. Wembe ule haugusi uso mwingine. Uso wangu ulikuwa wa kwanza, alisema, na nikirudi safari ya pili alinitaka nije na wembe wangu.

Mteja akaingia, akaamkia, akaketi. Tangu miaka ya UKIMWI hakuna mteja anayekubali makali yaliyopita kwa mwenzake, kwa hiyo mzee akachukua wembe mpya wa karatasi, ule mwembamba wa makali mawili, jamaa wa aliouwekea Gillette hataza Marekani mwaka 1904. Akauvunja katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, mteja akitazama, nusu akaitia kwenye kishikio na nusu akaiweka kando. Akasimama kushoto kwa kiti. Akaanza na shavu la kulia, kwa kuwa ndiyo sunna, lile lililo mbali na mkono wake, na kiwiko kikapanda.