Karamu ya Capulet: Fundo la Msiba katika Romeo and Juliet

Aghalabu wasomaji wa Romeo and Juliet, tamthilia aliyoiandika Shakespeare yapata mwaka 1595, huliona onyesho la roshani kuwa ndilo kiini chake. Makala haya yanadai kwamba fundo la tanzia hii hufungwa kabla ya hapo, katika onyesho la tano la tendo la kwanza, karamuni kwa mzee Capulet.

Tuutazame mpangilio wa matukio. Romeo, amevaa barakoa, anamwona Juliet na kumsifu. Tybalt anaitambua sauti yake na kuagiza upanga. Capulet anamzuia, kwa kuwa hataki mgeni adhuriwe nyumbani mwake. Tybalt anaondoka akiapa kulipiza. Ni baada ya kiapo hicho ndipo wapenzi wanapogusana mikono. Kisasi, basi, kimelitangulia busu, na sauti iliyotamka sifa ndiyo iliyomfichua adui.

Zuio la Capulet linastahili uzito zaidi kuliko linaopewa. Mzee huyu hatoi amani. Anatoa hifadhi, na mpaka wa hifadhi hiyo ni kizingiti cha mlango wake. Msomaji wa Mombasa, ambako Thelatha Taifa na Tisa Taifa ziliishi kisiwa kimoja kila upande ukiwa na tamimu wake, ataitambua tofauti baina ya kukaribishana na kupatana: la kwanza ni jambo la nyumba, la pili ni la mji. Tybalt, aliyekaripiwa karamuni, anaitoa hasira yake nje. Barua ya kumwita Romeo wapigane, kifo cha Mercutio na kufukuzwa kwa Romeo mjini vyote vinaanzia hapo.

Umbo nalo linashuhudia. Wapenzi wanapokezana maneno hadi wakamilishe soneti ya mishororo 14. Katika ushairi wa Mvita wa zama za Muyaka bin Haji (1776–1840), majibizano yalikuwa pia silaha ya kumkabili hasimu. Hapa yanawaunganisha watoto wa mahasimu. Wanaanza soneti ya pili, lakini baada ya mishororo 4 yaya anamwita Juliet kwa mamake. Ni hapo tu kila mmoja anapolijua jina la mwenzake.

Itasemwa kwamba utangulizi wa tamthilia umekwisha kuwalaumu nyota. Hata hivyo, katika onyesho la pili Capulet mwenyewe anakiri kuwa si vigumu kwa wazee kama yeye na Montague kudumisha amani. Mwelekezi atakayeiigiza tanzia hii Mji wa Kale atashawishika kuyafupisha mabishano ya Capulet na Tybalt ili aliwahi busu. Akifanya hivyo, vifo vya mwisho vitabaki kuwa kazi ya nyota na barua isiyofika. Akiyahifadhi, hadhira itamwona mzee aliyeweza kuiamuru amani sebuleni mwake, asiifikishe barabarani.