Masizi Ndani ya Kibuyu

Wakenya wengi huiona mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, pale mwanariadha anaporudi na medali, akapokewa kwa kibuyu uwanja wa ndege. Hapo tunaona unywaji tu. Kazi yenyewe ilifanyika siku nyingi kabla, katika nyumba za Wakalenjin wa Bonde la Ufa, na sehemu kubwa yake haihusu maziwa. Inahusu kusafisha.

Kibuyu kipya, sotet, hakiaminiwi. Nyama yake ya ndani ni chungu, hivyo hukwanguliwa, hulowekwa na kuoshwa tena na tena mpaka uchungu uishe. Baada ya hapo, kila mara kabla ya kutia maziwa, mama huingiza sosiot, ufito mrefu wenye nyuzi nchani, akasugua ukuta wote hadi chini kabisa. Kisha moto: kinga cha mti wa senetwet, kikiwa bado chekundu, hutumbukizwa ndani na kusagwasagwa hadi masizi yapake ukuta sawasawa. Vumbi la ziada hukung'utwa nje. Hapa ndipo mkono wa fundi hujulikana. Mkaa ukipungua, maziwa hukosa harufu ya moshi. Ukizidi, unatafuna mkaa. Ukitosha, maziwa hutoka na rangi ya kijivu inayoelekea buluu.

Maziwa huchemshwa, yakapoa, yakamiminwa, kibuyu kikafungwa na kuwekwa penye ubaridi. Si lazima kutia kijiko cha mgando wa jana. Basi nani anayagandisha, ikiwa mchemko umeua karibu kila kilichokuwemo? Ni ukuta wa kibuyu. Katika vitundu vyake wamebaki bakteria wa maziwa yaliyotangulia. Wanakula laktosi, yaani sukari ya maziwa, wanatoa asidi ya laktiki, na vijidudu vingi vya maradhi vinashindwa kuustahimili uchachu huo. Kusugua hadi pang'ae huku ukiwabakiza wanaotakiwa, bila kuwahi kumwona hata mmoja! Maabara ina darubini. Mama ana pua na ulimi.

Laktosi ikipungua, mtu anayesumbuliwa na maziwa ya kawaida hupata nafuu. Watafiti wamewakuta humo bakteria wa jamii ya Lactobacillus, ndugu wa wale wanaouzwa kwenye vidonge vya probiotiki. Lakini kidonge huandikwa aina ya bakteria na idadi yao. Kibuyu hakiandikwi kitu, na kila nyumba ina bakteria wake. Ndiyo maana nasita mtu akiniambia mursik inatibu hili au lile. Isitoshe, imepimwa ikakutwa na asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio. Kusifu ufundi si kuandika dawa.

Siku hizi mursik inauzwa hata mijini, kwenye chupa za plastiki. Rangi ya mkaa ni rahisi kuiga, ila plastiki haina vitundu. Ukiinunua, muulize muuzaji iligandia kwenye nini.