"Mama" ni Nani? Tatizo la Istilahi ya Ujamaa katika Kufasiri Ngano za Thika na Ruiru

Miongoni mwa matatizo yanayomkabili mfasiri wa fasihi simulizi ya Wagikuyu, neno mama ni mojawapo linalostahili kuangaliwa upya. Katika Kigikuyu kinachozungumzwa Thika na Ruiru, mama si mzazi wa kike, bali ni nduguye wa kiume. Mzazi mwenyewe huitwa maitũ. Kwa kuwa wenyeji wengi wa miji hii hutumia Kigikuyu na Kiswahili kwa pamoja, maana hizo mbili hukaa katika ulimi mmoja bila kugombana. Ugomvi huanza pale ngano inapoandikwa kwa Kiswahili.

Kosa la kwanza ni dhahiri: mfasiri hufuata sauti, akaandika mama, na mhusika wa kiume akageuka mwanamke. Kosa la pili ni zito zaidi kwa sababu halionekani. Mfasiri huandika mjomba, kamusi ikamuunga mkono, naye akaridhika. Kinasaba hajakosea. Hata hivyo, miongoni mwa Waswahili wa pwani, binti wa mjomba huweza kuposwa, na mjomba akawa mkwe. Kwa desturi ya Wagikuyu ndoa ya namna hiyo ni mwiko. Basi ngano inayompeleka kijana kuishi kwa mjombawe humdokezea msomaji wa Lamu uwezekano wa harusi, ilhali msikilizaji wa Ruiru ameufunga mlango huo tangu mwanzo. Matini ni moja, lakini taharuki ni mbili.

Hatudai kwamba neno mjomba liachwe. Anko la mitaani, linalowachanganya ndugu wa baba na ndugu wa mama, lingezidisha utata. Wala sauti si adui daima: mpwa na mũihwa, jina la Kigikuyu la mtoto wa dada, hufanana kwa umbo na kukutana kwa maana. Tunalotetea ni kwamba mipaka ya uhusiano ibainishwe ndani ya usimulizi wenyewe. Kwa mfano, kijana amwite binti wa mjombawe dada tangu wanapokutana. Mhakiki naye hana budi kuuliza, zaidi ya usahihi wa neno, ni matumaini gani neno hilo linamjengea msomaji.