Mpira Uliotoboa Ukingo Mbaya

Kosa la upasuaji ule wa kubadilisha umio halikutokea siku mliyoutazama kwenye skrini. Lilitokea miezi minne nyuma, mzee wetu wa Kishanda alipowekewa mpira wa kulishia kwenye ukingo mkubwa wa mfuko wa chakula. Nayasema haya mapema asije akalaumiwa aliyemfungua kifua, maana yeye alirithi tobo.

Mnakumbuka picha ilipofika tumboni. Mfuko ulikuwa umegandana na ukuta pale mpira ulipopita. Mpasuaji akaubandua taratibu, akaweka vidole viwili juu ya ateri ya gastroepiploiki ya kulia, akaifuata kutoka pailorasi kupanda juu. Ikadunda, ikadunda, kisha kimya. Palikuwa na kovu gumu, upana wa sarafu, na katikati yake mafundo mawili ya uzi mweusi wa hariri. Kuna mtu aliufunga mshipa ule ili tobo lisitoe damu, akanawa mikono akaenda zake.

Tunapougeuza mfuko wa chakula kuwa umio mpya tunakata ateri ya gastriki ya kushoto, tunakata na vijishipa vya upande wa wengu. Bomba lote linalopatikana, hadi ncha itakayoshonwa juu kwenye umio uliobaki, linabaki likiishi kwa gastroepiploiki hiyo moja, ikisaidiwa kidogo na gastriki ya kulia. Ukiifunga katikati, ncha inakosa damu, inaoza, na kiungo kinaachia. Mafundo mawili yale yalimnyang'anya mzee umio wake mpya kabla hajapanda kitandani.

Na nafasi ya kutoboa ilikuwepo! Tobo likikaa ukuta wa mbele, karibu na ukingo mdogo, linaondoka pamoja na kipande tunachokitupa tunapotengeneza bomba. Bora zaidi ni kuuacha mfuko kabisa, mpira ukaingia utumbo mwembamba, sentimita 30 hivi baada ya duodenamu. Uvimbe ukiwa bado unaondoleka, mfuko wa chakula usiguswe. Nimeyasema haya miaka mingi na sitaacha.

Kupanga mbele si jambo geni katika kazi hii. Mpasuaji Franz Torek, mwaka 1913 kule New York, alimtoa mama wa miaka 67 umio wenye saratani. Hakuwa na cha kuweka mahali pake, basi akaunganisha tundu la shingoni na tundu la tumboni kwa mpira uliopita nje ya kifua. Mama yule alikula kwa mpira huo zaidi ya miaka 10. Torek alitoboa akijua tobo lake ni la kazi gani. Ohsawa wa Kyoto akaonyesha mwaka 1933 kwamba mfuko wenyewe unaweza kupandishwa kifuani ukaungwa na umio. Wazee hawa hawakuwa na hata nusu ya vifaa vyetu, lakini walipanga hatua ya pili kabla ya kukata ya kwanza.

Kwa mzee wetu, mfuko ukiwa haufai tena, timu iligeukia utumbo mpana wa kushoto, ikabana kwanza ateri ya kati ya utumbo huo kuona kama ile ya kushoto itatosha, ikaupandisha bila kuupinda. Kazi safi. Ila badala ya kiungo kimoja mzee akapata vitatu, na kila kiungo kinaweza kuvuja. Kile cha juu kilishonwa shingoni, kama alivyofanya McKeown katika upasuaji wake wa hatua tatu aliouandika mwaka 1976, na hapo nawapongeza kwa moyo wote. Kikivuja shingoni unafungua jeraha na kusafisha. Kikivuja kifuani, usaha unauzingira moyo. Wanaoendelea kuunga kifuani mahali pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi cha uhakika, bado sijawaelewa.

Barua ya rufaa aliyovuka nayo ziwa mzee ilikuwa na mistari mitatu. Ilieleza kwamba matoke yalianza kumkwama, ukafuata uji, mwisho hata mate. Ilieleza pia kwamba mpira umewekwa. Umewekwa wapi, haikusema.