Kijito cha Ihithe

Tawasifu ya Wangari Maathai, Unbowed, iliyochapishwa mwaka 2006, husomwa zaidi kama kitabu cha siasa. Msomaji huvutwa na mapambano ya mwaka 1989 dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika Uhuru Park, Nairobi, na kipigo alichokipata mwandishi kwenye msitu wa Karura mwezi Januari 1999. Kurasa za utotoni, kijijini Ihithe huko Nyeri, hupitwa mbio kama ukumbi wa nyumba. Kumbe humo ndimo zilimosimama nguzo.

Katika kurasa hizo mtoto hucheza kandokando ya kijito na kujaribu kuyatwaa mayai ya vyura, akiyadhania kuwa ni shanga za kuvaa shingoni. Kila ayashikapo humponyoka. Karibu na hapo pana mgumo ambao mama yake amemkataza kuokota kuni zake, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Maathai, aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, hakuanza na lugha ya maabara. Kwanza humwachia msomaji mshangao wa mtoto, ndipo humfahamisha uhusiano wa mizizi ya mti ule na maji yaliyo chini ya ardhi. Katika mpangilio huo, imani ya mama na elimu ya binti hukutana penye chemchemi moja, wala hakuna inayoidharau nyenziwe.

Miaka ikapita, mgumo ukakatwa kupisha chai, kijito kikakauka. Hapa Maathai anaachana na waandishi wanaoyafanya maumbile kuwa mahali pa kupumzikia tu. Mwanaharakati aliyechoka huambiwa akakae penye miti na maji, moyo utatua. Ushauri huo ni mwema, ila kando ya kijito kile hapakubaki pa kukaa. Kilichosalia ni taswira, nayo humrudishia nguvu kwa kumkumbusha kilichopotea na kinachoweza kuoteshwa tena.

Kitabu kina upungufu wake. Kinapoingia katika barua, vikao na matamko, lugha hukauka, na kwa kurasa nyingi msomaji hasikii tena maji. Hata hivyo mwandishi hakukisahau kijito. Oktoba 2004, habari za Tuzo ya Nobel ya Amani zilipomfikia akiwa Nyeri, alisherehekea kwa kupanda mti. Desemba 10 mwaka huohuo, mjini Oslo, hotuba yake aliihitimisha kwa kijito kilekile na mayai yale ya vyura.

Washairi wetu wanaoisifu bahari na mikoko wana la kujifunza hapo. Sifa isiyotaja msumeno humstarehesha msomaji kwa jioni moja. Maathai alitaja mti pamoja na aliyeukata, na kumbukumbu hiyo ikamtosha kwa harakati za zaidi ya miaka 30, hadi kifo chake mwaka 2011.