Ufundi wa Kukamilisha Mraba

Mlinganyo wa kipeo cha pili, ax² + bx + c = 0, una ugumu mmoja tu: namba isiyojulikana imetokea mara mbili, kwanza ikiwa imezidishwa kwa yenyewe, kisha ikiwa peke yake. Ingetokea mara moja, kazi ingekuwa nyepesi. Mtu akijua kwamba x² ni 64, kipeuo cha pili kinamaliza mambo. Ufundi wote basi ni kuzikusanya x hizo ndani ya mraba mmoja, na ufundi huo ni mkongwe kuliko herufi zinazoandikwa leo ubaoni.

Aliyeueleza kwa uwazi wa kupendeza ni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad enzi za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Kitabu chake cha aljebra hakitumii alama. Hesabu yote imesimuliwa kwa maneno. Mfano wake mashuhuri, kwa maandishi ya sasa, ni x² + 10x = 39. Anachora mraba wenye upande x. Zile 10x anazigawa kuwa mistatili miwili, kila mmoja una urefu x na upana 5, mmoja anaubandika ubavuni na mwingine chini. Umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja iko wazi. Kona hiyo ni 5 kwa 5, kwa hiyo inadai 25. Ikishajazwa, eneo lote ni 39 + 25, yaani 64. Upande wa mraba mkubwa ni 8. Ukitoa 5, x ni 3. Hoja za hisabati zinazoweza kukaguliwa kwa macho namna hii ni chache mno.

Mchoro hauonyeshi jibu la pili, −13, maana upande wa umbo hauwi hasi. Kwa sababu hiyo al-Khwarizmi aliigawa milinganyo katika aina sita na kuishughulikia kila aina kivyake. Brahmagupta wa India alikwisha kuandika kanuni za namba hasi mwaka 628, na ni namba hizo zinazowezesha aina zote kuingia katika kanuni moja.

Kanuni yenyewe ni kujaza kona ileile, mara moja tu, kwa niaba ya milinganyo yote. Njia safi ya kuifikia inatoka kwa Mhindi mwingine, Sridhara. Hamisha c ili ibaki ax² + bx = −c, kisha zidisha kila upande kwa 4a: 4a²x² + 4abx = −4ac. Jumlisha b² pande zote mbili. Upande wa kushoto sasa ni (2ax + b)², mraba kamili, na wa kulia ni b² − 4ac. Uzuri wa hatua hii ni kwamba hakuna sehemu inayochafua kazi njiani. Kugawanya kunasubiri mwisho. Toa kipeuo cha pili, hamisha b, gawanya kwa 2a:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) ÷ 2a

Kiini cha kanuni kimo chini ya alama ya kipeuo. b² − 4ac ikiwa chanya, majibu ni mawili. Ikiwa sifuri, ni moja. Ikiwa hasi, hakuna jibu kati ya namba halisi. Al-Khwarizmi alilijua hili. Kwa x² + 21 = 10x alipata 3 na 7, akaeleza kwamba mraba wa nusu ya 10 ukipungua kuliko namba iliyotajwa, swali haliwezekani.

Katika kuitumia, makosa mengi huzaliwa kwenye alama. Chukua 2x² − 5x − 12 = 0. Hapa b ni −5, hivyo −b ni 5. Kwa kuwa c ni hasi, −4ac inageuka +96, na chini ya kipeuo panakuwa 25 + 96 = 121. Kipeuo chake ni 11. Mstari wa kugawanya lazima upite chini ya 5 na 11 kwa pamoja: (5 + 11) ÷ 4 ni 4, na (5 − 11) ÷ 4 ni −1.5. Fundi makini haishii hapo. Jumla ya majibu lazima iwe −b/a, na zao lake c/a: 4 na −1.5 zinajumlika kuwa 2.5, zikizidishwa zinatoa −6, sawasawa na 5/2 na −12/2.